Kampuni ilipozuia gari lake kubeba wagonjwa wa kijiji ili kubana matumizi: nilichokishuhudia Songea

Wakuu wa jukwaa, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu sana. Juzi mdau mmoja alianzisha uzi akasema CSR ni geresha tupu, kampuni zinapaka rangi madarasa ili zipige picha. Mwingine akamjibu kwamba hapana, wawekezaji wana moyo, sisi ndio hatuna shukrani.

Mkatoleana povu mpaka moderator akafunga.

Nilisoma yote nikanyamaza. Ila usingizi ulinisumbua, nikaona niandike hiki nilichokiona kwa macho yangu. Chumvi sitaongeza. Kampuni sitaitaja, kijiji sitakitaja, na majina ya watu nimeyabadili, maana kuna mama bado anaishi pale na sitaki mtu aende kumchokonoa.

Kwa ambaye neno hilo ni geni: CSR ni zile huduma ambazo kampuni inaitolea jamii iliyo jirani nayo. Kisima, madawati, dawa, usafiri na kadhalika.

Sio uzi mfupi. Na sio wa kuchekesha.

Mimi ni dereva. Nimezaliwa Mfaranyaki, siku hizi nakaa Ruhuwiko na familia. Kwa miaka kadhaa niliendesha pick-up ya kampuni moja iliyokuwa inapanda miti ya mbao, paina kwa sehemu kubwa.

Shamba lenyewe lilikuwa mbali na mji. Unatoka Songea kwa barabara ya Peramiho, baadaye unaacha lami unaingia vumbi. Huko ndani kulikuwa na kambi: ofisi ndogo, stoo, nyumba za wafanyakazi na pick-up mbili. Kijiji kilikuwa jirani kabisa, kiasi kwamba mtu akikohoa kijijini sisi kambini tunasema pole.

Meneja wa kwanza alikuwa Mzee Ndunguru. Mtu mzima, mkali, mgumu kucheka. Ukichelewa asubuhi anakuangalia tu, hasemi kitu, na wewe mwenyewe unajiona mdogo.

Huyu mzee alikuwa na utaratibu mmoja. Mgonjwa wa kijijini akizidiwa, zahanati ikishindwa, pick-up ya kampuni inampeleka hospitali kule Peramiho. Hakuna kujaza fomu. Mwenyekiti wa kijiji anapiga simu, gari linaondoka.

Nimebeba watu wengi wakuu. Wajawazito, watoto wenye degedege, mzee aliyeangukiwa na mti, kijana aliyeumwa na nyoka. Kuna mtoto alizaliwa kwenye siti ya nyuma kabla hatujafika, na wazazi wakampa jina langu. Nikipita kijijini watu walikuwa wananipa mahindi mabichi, maharage, mara moja nikapewa jogoo. Mke wangu alizoea, siku nikirudi mikono mitupu ananiuliza kama nimegombana na watu.

Sasa, siku moja tunarudi kumpeleka mama mmoja Peramiho, Mzee Ndunguru alikuwa amekaa kushoto kwangu. Nikamwambia, "Mzee, Mungu atakulipa kwa moyo huu."

Akanigeukia. "Moyo gani?"

Nikasema huu wa kusaidia watu.

Akasema, "Wewe unadhani mimi ni mtakatifu? Mimi nafanya biashara. Mafuta ya safari hii ni kama bima. Tofauti yake ni kwamba bima inakulipa ukishaungua. Hawa watu wanazuia usiungue."

Akanieleza, na ni siku hiyo nilielewa kazi ninayoifanya.

Paina ni kama petroli iliyosimama. Mwezi wa tisa na wa kumi, watu wanapoandaa mashamba na upepo ukiwa mkali, cheche moja inamaliza msitu uliotunzwa miaka na miaka. Kampuni ina walinzi wa moto wachache tu. Ila kengele ikigongwa, kijiji kizima kinatoka na matawi mabichi, mapanga na ndoo. Nilishaona mara mbili. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanapiga moto kama wanamfukuza mwizi. Moto unazimwa kabla haujapanda juu ya miti.

Tena akaendelea. Wanunuzi wa nje wanataka mbao zenye cheti cha msitu unaotunzwa vizuri, na wakaguzi wa cheti wakija hawaanzi na miti, wanaanza na wanakijiji: mnaishije na hii kampuni? Benki nayo iliikopesha kampuni kwa masharti nafuu kwa sababu iliona hakuna mgogoro na jamii. Nguzo haziibiwi, dizeli haichotwi, vibarua hawakimbii wakati wa msimu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mzee tunawabeba kwa sababu ya faida?"

"Ndiyo. Na ndiyo maana utaratibu huu utadumu. Ningekuwa nawaonea huruma tu, siku ningeamka vibaya ningeacha."

Kusema ukweli siku ile niliona ni mtu baridi. Nilitamani aseme ni kwa ajili ya Mungu.

Kwenye hilo la kudumu mzee alikosea, kama mtakavyoona.

Kiongozi wa walinzi wa moto aliitwa Gervas. Mtoto wa kijiji kilekile, mrefu, mpole, anapenda kuimba kwaya. Huyu alikuwa rafiki yangu hasa. Baba yake alishafariki, alibaki na mama yake, Mama Filomena, na mdogo wake wa kike, Skola, ambaye alikuwa ameolewa hapohapo kijijini.

Nikiwa kambini nilikuwa nakula kwa Mama Filomena. Ugali na dagaa wa Nyasa, au likolo, zile mboga za majani. Skola alikuwa anapita jioni kumsaidia mama yake kuchota maji, mcheshi balaa. Alikuwa ananiita "shemeji" ilhali hatuna undugu wowote, anasema dereva yeyote ni shemeji wa kila mtu.

Mzee Ndunguru akastaafu. Tulimuaga kwa mbuzi. Kijiji kilimpa mkeka na kiti, akapokea bila kutabasamu, ila niliona ameshika kile kiti njia nzima hadi Songea asije akakivunja.

Akaletwa meneja mpya kutoka makao makuu Dar. Nitamwita Elias.

Wakuu, najua mnasubiri niseme Elias alikuwa shetani. Hapana. Alikuwa kijana msomi, mwenye adabu, anasalimia hadi wapishi. Alikuwa anafanya kazi kuliko sisi wote. Tatizo ni kwamba alitumwa na maagizo: shamba linatumia sana, punguza.

Akapitia matumizi yote. Akakuta mafuta ya pick-up ni mengi kuliko kazi za shamba. Akauliza, akaambiwa ni wagonjwa.

Akaniita ofisini. "Kaka, hii safari ya wagonjwa imeandikwa wapi?"

Nikamwambia haijaandikwa, ni makubaliano ya Mzee Ndunguru na mwenyekiti.

"Na faida yake kwa kampuni inaonekana wapi?"

Nikamweleza ya moto, nikamweleza ya wakaguzi. Alisikiliza vizuri kabisa. Kisha akasema, "Nakuelewa. Lakini nikipeleka ripoti juu, naonyesha gharama ambayo ipo. Faida ya moto ambao haujawaka naionyeshaje?"

Mpaka leo sijui ningemjibu nini, maana alichosema kilikuwa kweli. Moto ambao haukuwaka hauna sehemu yake kwenye ripoti.

Likatoka tangazo. Magari ya kampuni yabebe wafanyakazi na shughuli za kampuni peke yake. Wakafunga GPS kwenye magari, ya kufuatilia kila safari. Dereva akikiuka, kazi hana.

Pamoja na hilo, akapunguza na vibarua wa kufyeka njia za moto. Hizo ni barabara pana zinazoachwa wazi katikati ya msitu ili moto ukifika ukose cha kula. Kila mwaka wanakijiji ndio walizifyeka kwa malipo. Mwaka ule zikafyekwa nusu.

Badala yake makao makuu wakaleta mifuko ya shule yenye nembo ya kampuni, ikagawiwa, picha zikapigwa. Pale ofisini kulikuwa na kalenda ya kampuni, na mwezi mmoja wake ulikuwa na picha ya pick-up yangu ikiwa na akina mama wa kijiji wanacheka. Hiyo kalenda iliendelea kuning'inia ukutani gari lenyewe likiwa limeshakatazwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Fidelis, alikuja kambini kuongea. Alivaa koti. Nilikuwa nimekaa nje, nilisikia.

Alisema, "Mwanangu, hatuombi mambo makubwa. Tunaomba gari kwa mtu anayekufa."

Elias akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, shikamoo tena. Hilo ni jukumu la Serikali. Mimi nitawaandikia barua ya kuombea ambulance."

Na kweli aliandika. Sikatai. Ambulance ilikuwepo wilayani, ila inahudumia eneo kubwa, na siku unayoihitaji unakuta iko upande mwingine.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa nane, mchana, jua kali. Mimi nilikuwa nimetumwa uwanja wa ndege Songea kuwapokea wageni kutoka makao makuu. Simu ikaita, Gervas.

"Kaka, Skola amejifungua zahanati. Mtoto yuko salama, ila damu haikati. Nesi anasema Peramiho sasa hivi."

Nikamwambia mimi niko mjini, chukua pick-up ya pili iliyoko kambini. Akasema ameomba, mwenye stoo anasema funguo hazitoki bila ruhusa ya meneja, na meneja hapokei simu yake.

Nikampigia Elias mimi. Akapokea. Nikamweleza haraka haraka.

Akasema, "Wamepiga simu ya ambulance?"

"Wamepiga, iko mbali."

"Kaka, nikilitoa leo, kesho litaombwa tena, na keshokutwa. Hao wageni unaowapokea ndio wanaokuja kukagua hilohilo. Mwambie Gervas wasisitize ambulance."

Nikamwambia, "Bosi, ni dada yake Gervas."

Akasema, "Najua. Ndiyo maana ni ngumu." Akakata.

Wakamfunga Skola kwenye bodaboda. Yeye katikati, mama yake nyuma amemshikilia. Ile barabara ya vumbi wakuu, hata ukiwa mzima inakuvunja mgongo. Gervas alikuwa anafuata kwa pikipiki nyingine.

Walifika kwenye lami. Mama Filomena aliniambia baadaye kwamba pale kwenye kona Skola alimwambia, "Mama, nasikia baridi." Yule wa bodaboda akasimama avue koti lake ampe.

Hakulivaa.

Nilipita pale na wageni wangu nikiwatoa uwanjani. Nikaona watu wamekusanyika kando ya barabara, nikaona kanga imetandazwa, nikamwona Gervas amechuchumaa ameshika kichwa. Nikasimamisha gari. Mgeni mmoja akauliza, "Ajali?" Nikashuka.

Mwili wa Skola ulirudi kijijini kwenye pick-up ile ile. Wageni walishuka wenyewe wakakaa nyuma kwenye bodi. Hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu. Na hakuna aliyenifukuza kazi kwa hilo.

Tulimzika. Padri alisema maneno yake. Elias alituma rambirambi, mchele na mafuta. Mzee Fidelis alivirudisha kambini siku hiyohiyo, akaviweka mlangoni pa ofisi akaondoka.

Gervas aliomba ruhusa ya siku chache, kisha akarudi kazini. Nilimuuliza kwa nini asiache. Akasema, "Mama ana mtoto wa Skola wa kulea. Maziwa yanatoka wapi?" Yule baba wa mtoto alikuwa kama amechanganyikiwa, hakuwa wa kutegemewa kwa wakati ule.

Kwaya hakurudi tena. Hilo nililiona.

Na kijiji nacho kikabadilika. Hakuna aliyetutukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Ukipita, salamu inaitikiwa kwa mdomo tu. Nguzo zikaanza kupungua, dizeli ikaanza kuchotwa. Vibarua ukiwatangazia kazi, hawaji. Mahindi mabichi sikupewa tena, wala sikuyatarajia.

Mwezi wa kumi moto ukawaka.

Ilikuwa saa za mchana. Mtu alikuwa anasafisha shamba lake kwa moto huko ng'ambo ya kijito, upepo ukageuka. Tulipouona ulikuwa tayari umeshika majani makavu ya pembeni. Gervas akachukua vibarua wachache waliokuwepo wakakimbilia kule, Elias akanituma mimi kijijini kuita watu.

Niliendesha kama kichaa. Nikawakuta wanaume wamekaa kwenye kilabu cha pombe, Mzee Fidelis yumo. Moshi wanauona, umepanda mpaka juu. Hakuna aliyesimama.

Nikasema, "Jamani, msitu unaungua, gongeni kengele."

Mmoja akauliza, "Msitu wa nani?"

Nikamgeukia mwenyekiti. "Mzee, nakuomba."

Akaniangalia kwa upole kabisa, kama ananihurumia. Akasema, "Meneja alitwambia gari lake si la kijiji. Basi na moto wake si wa kijiji. Mwambie apige simu zimamoto."

"Mzee, Gervas yuko kule ndani."

Kisha mwingine akasema, "Gervas anaujua moto kuliko sisi. Ataona mambo ni magumu, atatoka."

Sikuwalaumu wakati ule. Nawaambia ukweli, hata mimi niliamini atatoka. Huyu ni mtu aliyezima moto tangu ujana wake.

Nilisimama pale nabembeleza. Mara tukamwona kibarua mmoja anakuja mbio barabarani, shati limeungua mkononi, analia kama mtoto. Akaanguka mbele yetu.

Akasema moto umewazunguka. Gervas aliwatoa wao kupitia njia ya moto ya juu, ile iliyofyekwa. Halafu akarudi kumfuata mwenzao mmoja aliyekuwa amebaki ng'ambo. Mwenzao ametokea upande wa pili, yuko salama, walipishana. Ila Gervas alishika ile njia ya chini, na ile haikufyekwa. Majani yalikuwa yanamfika kifuani.

Wakuu, hapo hakuna aliyegonga kengele. Walisimama wote kwa pamoja. Nikaona Mzee Fidelis anakimbia, mtu wa umri ule, bila viatu. Wanawake wakatoka majumbani. Kijiji kizima kikaenda, na matawi na ndoo na majembe, wengine mikono mitupu.

Lakini moto ulikuwa umeshapanda juu ya miti. Paina zilikuwa zinapasuka kama risasi. Huwezi kusogea. Tulisimama mbali, uso unaungua, watu wanaita jina lake. Mama Filomena alishikwa na wanawake wanne hivi, alikuwa na mjukuu mgongoni.

Alipatikana kesho yake asubuhi kwenye kijito kilichokauka. Nadhani alitegemea maji.

Naomba nisiandike zaidi hapo.

Siku ya mazishi Elias alikuja. Watu walidhani hataonyesha uso. Alikuja peke yake, kwa miguu kutoka kambini. Alikuwa amekonda ghafla, macho mekundu. Vijana wengine walisimama, nikaona mambo yanataka kuharibika.

Akapita katikati yao mpaka kwa Mama Filomena aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka. Akapiga magoti. "Shikamoo mama."

Mama akaitikia, "Marahaba."

Kisha akamuuliza, "Umekula?"

Mama akawaambia wanawake, "Mpeni chakula huyu. Gervas alikuwa anamsifu. Alisema meneja wetu ni kijana anayejua kutunza mali."

Hakusema kwa kejeli. Nilikuwa karibu, niliona uso wake. Alikuwa anarudia tu alichokisikia kwa mwanawe. Elias alipewa sahani, akaishika mikononi, machozi yanadondokea kwenye wali, na hakuna aliyemgusa.

Baada ya hapo nilimkuta Mzee Fidelis nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta. Akaniambia, "Sisi tulitaka kuikomesha kampuni. Hatukutaka kumkomesha Gervas." Akarudia tena na tena. Mwezi mmoja baadaye akajiuzulu uenyekiti. Siku hizi anashinda shambani tu, kanisani anakaa benchi la mwisho.

Na kampuni?

Sehemu kubwa ya msitu iliteketea, pamoja na ile iliyokuwa karibu kuvunwa. Bima wakaja, wakauliza njia za moto zilifyekwa lini na ushirikiano na kijiji ukoje. Walipopata majibu, walipunguza malipo mpaka yakawa kama utani. Wakaguzi wa cheti nao walikuja, wakakaa na wanakijiji, wakaondoka. Cheti kikasimamishwa. Wanunuzi wa nje wakahamia kwingine. Benki ikabadili masharti.

Kila alichokisema Mzee Ndunguru siku ile kwenye gari kilitokea, ila kwa kurudi kinyumenyume.

Kampuni ikauza shamba. Sisi tukapunguzwa. Elias alihamishwa Dar, nikasikia aliacha kazi kabisa, yuko kwao. Simchukii. Nilijaribu, nikashindwa.

Mzee Ndunguru nilimtembelea kwake nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kosa ni langu pia. Ile safari ya wagonjwa niliiweka kichwani mwangu. Ningeiweka kwenye mkataba wangeshindwa kuifuta." Hakuniaga mlangoni, alibaki amekaa.

Waliouziwa shamba walikuja na mkutano wa hadhara. Nilienda, si kwa kazi, nilikwenda kumsalimia Mama Filomena. Afisa wao, binti mmoja mchangamfu, akataja watakayoleta: kisima, madawati, na gari la wagonjwa jipya kabisa. Akasubiri makofi.

Hayakuja.

Mama Filomena akasimama, mjukuu, ambaye sasa alikuwa anatembea, kamshika gauni. Akasema, "Binti yangu, gari tunalihitaji, hatukatai. Nauliza tu. Meneja wenu akibadilika, gari litabaki?"

Binti akamwangalia bosi wake. Bosi akasema, "Mama, hilo tutalijadili."

"Basi lijadilini kwanza," mama akasema. "Sisi tupo."

Akakaa. Na watu wote wakabaki wamekaa, hakuna aliyeondoka, hakuna aliyepiga kelele. Ilibidi wale mabwana wasogee pembeni wapige simu Dar. Ilichukua mikutano mingine, ila mwishowe iliandikwa na mwanasheria: gari ni mali ya kijiji, kampuni inagharamia mafuta na matengenezo, kijiji kinashiriki kufyeka njia na kuzima moto kwa malipo. Meneja hana mamlaka ya kuvunja peke yake.

Mama Filomena alipoulizwa kama ameridhika alisema hajaridhika na kitu chochote, ila amesikia.

Wakuu, somo nililopata ni hili.

Wanaosema kampuni inasaidia kwa faida yake wako sahihi. Mimi sioni ubaya wake, maana faida hiyo ndiyo inayoifanya iendelee. Ubaya ni kuendesha huduma hizo kama hisani wakati ni biashara. Hisani inafutwa kwa tangazo la ukurasa mmoja. Kama wewe ni mwekezaji, andika huko kwenye ripoti zako hasara ambazo hazijakupata, na sababu ya kutokukupata. Kama wewe ni kiongozi wa kijiji, usipokee gari, kisima wala zahanati kwa kupeana mikono.

Na kama una hasira na kampuni, angalia kwanza ni mtoto wa nani yuko kule ndani. Hili nalisema taratibu, kwa sababu wale watu nawapenda.

Wenye uzoefu wa migodini, kwenye mashamba ya chai, miwa, popote, mniambie kwenu ilikuwaje, hasa kama kuna sehemu makubaliano yaliandikwa na yakaheshimiwa. Nahitaji kusikia kwamba zipo. Maswali nitajibu, isipokuwa jina la kampuni.

Na mkitaka kuendelea kubishana kama kampuni zina moyo au hazina, endeleeni. Mama aliyezika watoto wake wote wawili hakuuliza hilo. Aliuliza kama gari litabaki.